KWA NINI MIZANI YA WATOTO INASAFIRI JUU YA SPONJI

Siku ya kupima watoto, kinamama wengi wanatuuliza: mbona mizani inapewa nafasi nzuri ndani ya gari kuliko ninyi wahudumu? Swali hilo ni zuri.

Mizani yetu ya kuning'inia inapima hadi kilo 25, na kila mstari mdogo ni gramu 100. Ndani yake kuna springi na meno madogo yanayozungusha mshale. Barabara zetu mnazijua, hasa baada ya mvua. Mizani ikilazwa juu ya bati la gari, kila shimo linaipiga springi moja kwa moja. Mwaka jana tulifika kituo kimoja mshale ukiwa gramu 300 juu ya sifuri, na hakuna aliyeuangalia mpaka watoto kumi walipokwisha kupimwa. Wote walirudia mstari, juani.

Kosa hilo si dogo. Kwa mtoto wa urefu wa sentimita 70, kati ya mpaka wa utapiamlo mkali na ule wa wastani kuna gramu 600 hivi tu. Mizani ikidanganya, mtoto aliyestahili chakula cha tiba anarudishwa nyumbani.

Sponji inabonyea na kurudi polepole, kwa hiyo mitikisiko ya harakaharaka haifiki yote kwenye mizani. Lazima iwe nene. Ikigandamizwa mpaka ikawa kama ubao, haina kazi tena. Kulikaza boksi kwa kamba kwenye chuma cha gari pia ni kosa; sisi tunalifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, maana unavutika. Linakaa katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu nyuma kabisa ndiko gari linakoruka zaidi. Tukienda kwa pikipiki, mmoja wetu anaipakata kama mtoto mchanga.

Hata hivyo sponji peke yake haitoshi. Tukifika, tunatundika kaptula tupu ya kupimia na kurudisha mshale kwenye sifuri. Kisha tunatundika dumu la maji lililofungwa vizuri, ambalo tulilipima zahanati kabla ya safari na kuandika uzito wake ubavuni. Namba zikitofautiana, mizani hiyo inawekwa kando, na siku hiyo tunatumia utepe wa kupimia mkono.

Mama, kabla mtoto wako hajavishwa kaptula, uangalie mshale. Kama kaptula tupu inaning'inia na mshale hauko kwenye sifuri, tuambie hapo hapo. Hatutakasirika.