Kinanda cha zamani: utajuaje kilitengenezwa lini?

Tuseme uko kwenye kigango karibu na Songea. Stoo kuna kinanda cha kukanyaga kwa miguu, hakilii tena. Vijana wa kwaya wanataka kitupwe. Mzee mmoja anakataa: "Hiki kilikuja na wamisionari wa kwanza, 1898!" Utamwamini?

Mwaka wenyewe ni sahihi: Wabenediktini walifika Peramiho 1898. Lakini misheni ile ilichomwa moto 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Kwa hiyo kinanda cha 1898 kingekuwa kimenusurika moto, au kilikuwa mahali pengine. Inawezekana, ila hapo tunahitaji ushahidi.

Kanuni ni rahisi: kitu hakiwezi kuwa kizee kuliko sehemu yake changa kabisa.

Anza na lebo. Maneno "Made in Germany" yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu alama za bidhaa. Ukikuta "Western Germany", basi hadithi ya 1898 imeisha, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilizaliwa 1949.

Angalia skrubu. Zile za bisibisi ya nyota ziliingia viwandani miaka ya 1930. Lakini hapa kuna mtego: mafundi! Skrubu moja ya nyota kati ya arobaini za bisibisi bapa inaonyesha matengenezo tu. Zikiwa zote za nyota, hapo kiwanda ndicho kinachoongea.

Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye mbao. Viwanda vingi vilihesabu vinanda vyao, na kwa baadhi yake kuna orodha za namba na miaka. Mfano wa kubuni: kama namba 10,000 ilitoka 1900 na 12,000 ikatoka 1904, namba 11,000 itaangukia karibu na 1902. Ni makadirio, siyo cheti cha kuzaliwa.

Na kinanda cha umeme je? Mantiki ni ileile. Chenye tundu la MIDI hakiwezi kuwa cha 1975, maana MIDI ilianza 1983. Ndani, chipu nyingi zina tarakimu nne: 8642 ni wiki ya 42 ya mwaka 1986. Chukua ile ya karibuni zaidi. Kama haikubadilishwa na fundi, kinanda kiliunganishwa baada ya hapo, mara nyingi ndani ya miezi michache. Ila mwachie fundi redio akifungue, maana kapasita hutunza umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Kumbuka pia: mwaka wa kutengenezwa siyo mwaka wa kufika Songea. Kinanda cha 1898 kinaweza kuletwa 1955 kikiwa mtumba.

Kwa hiyo usimcheke mzee. Huenda anakumbuka kinanda kingine kabisa, na hilo nalo ni historia. Ila kabla vijana hawajakitupa, piga picha ya lebo, namba na skrubu. Kikishakuwa kuni, hakuna wa kumuuliza tena.