Kipimajoto katika udongo wa Rungwe

Wilayani Rungwe, Tanzania, anayetoka Masoko penye migomba, akapita mashamba ya chai ya Tukuyu hadi kwenye viazi vya Isongole, huiona baridi ikizidi kadiri anavyopanda. Bakteria wa udongoni nao huihisi, na alama yake hubaki katika mafuta ya miili yao.

Utando wa mafuta unaoizunguka seli ni fuwele ya kimiminika: molekuli zimejipanga kwa utaratibu, lakini zinateleza. Hali hiyo aliigundua Friedrich Reinitzer mwaka 1888, na leo imo katika skrini nyingi za simu. Utando ukiganda, seli hudumaa; ukilegea mno, huvuja.

Baadhi ya vijidudu waitwao arkea huujenga utando wao kwa molekuli kubwa za duara, zenye atomi 72 katika mzunguko mmoja: kaboni 68 na oksijeni 4. Kila molekuli hupenya utando mzima, kwa hiyo haupasuki kirahisi hata kwenye chemchemi za moto. Bakteria wa udongo wana maduara ya jamii hiyo, na baridi ikizidi huyaongezea vitawi vya kaboni ili utando usigande.

Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa na wenzao walichapisha matokeo ya udongo wa miteremko ya Mlima Rungwe. Joto walilolisoma katika vitawi hivyo lilishuka kadiri mwinuko ulivyoongezeka. Maduara haya hudumu ardhini maelfu ya miaka. Yale yaliyosombwa na mto Kongo hadi baharini yameonyesha kuwa Afrika ya Kati imepata joto nyuzi 4 hivi tangu enzi ya barafu. Ndiyo maana naliona tope la Ziwa Masoko, lililojilimbikiza kwa zaidi ya miaka 40,000, kuwa na thamani kuliko sarafu za Wajerumani ambazo simulizi husema zimezama humo.

Kuyatengeneza maduara haya maabarani ni kazi ngumu. Ncha ya mnyororo mrefu ikiungana na mnyororo wa jirani, duara halifungi. Wanakemia huzimua sana, wakidondosha molekuli polepole katika kimiminika kingi, ili ncha za mnyororo mmoja zikutane zenyewe. Wajapani Katsumi Kakinuma na Tadashi Eguchi walifanikiwa kuliunda duara la atomi 72.

Mafuta haya huenda yakafaa pia kubeba dawa. Hospitalini, dawa ya amfoterisini ya kutibu ugonjwa wa kala-azar hupakiwa katika vifuko vya mafuta ya kawaida, na hudungwa kwenye mshipa. Vifuko vyenye mafuta ya arkea vimestahimili vizuri zaidi asidi na nyongo katika majaribio ya maabara, na watafiti wanavijaribu kwa dawa za kumeza.