Mwaka Kogwa na Wanaoutazama kwa Mbali

Kila Julai picha za Makunduchi husambaa duniani: wanaume wanachapana kwa mapande ya mgomba, kibanda cha makuti kinawaka moto, na chini ya picha kuna maelezo ya mtu aliyefika asubuhi akaondoka jioni, kwamba watu wa kusini Unguja wana siku yao ya kupigana. Maelezo hayo yanaukosea Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya mji huo, na yanaikosea pia maana ya sikukuu. Siku hizi tumezoea kuipima sikukuu kwa sheria. Ikitangazwa na serikali na ofisi zikafungwa, hiyo ni sikukuu; isipotangazwa, basi ni tamasha, ni burudani ya wanakijiji. Kwa kipimo hicho Makunduchi haina haki yake.

Tukikitazama vizuri, kipimo chenyewe hakisimami. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzihamishia baadhi ya sikukuu za taifa siku ya Jumatatu ili watu wapate mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, na tangu 1971 hata kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Washington haifuati tena tarehe aliyozaliwa. Kenya, tarehe 10 Oktoba iliitwa Siku ya Moi, baadaye ikawa ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikaadhimishwa kuwa ya Mazingira. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwani serikali ina sababu zake na mfanyakazi anastahili kupumzika. Ila siku ambayo jina lake hubadilika na watu wakaendelea kulala mpaka saa nne asubuhi ni likizo tu. Likizo humwondolea mtu kazi. Sikukuu humpa kazi. Idi na Krismasi zinajulikana kwa kila msomaji. Mwaka wa Makunduchi ndio unaohitaji wakili.

Huo ni mwaka wa jua, wenye asili moja na Nairuzi ya Waajemi, uliofika pwani yetu kwa njia ya biashara ya bahari. Wazee waliuhesabu kwa miongo: siku kumi kumi mara 36, kisha siku tano za kuukamilisha, jumla 365. Kwa kuwa hauongezwi siku katika mwaka mrefu, hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne katika kalenda ya ofisini. Iran hurekebisha hesabu yake, na Nairuzi yao huangukia Machi. Maparsi wengi wa India hawakurekebisha, nao huadhimisha mwaka wao mpya Agosti. Makunduchi iko upande wa hao wa pili, na kuteleza huko si ujinga. Mwaka wa mwezi mwandamo hupungukiwa na ule wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo huzunguka misimu yote katika miaka 33. Mkulima na mvuvi walihitaji hesabu ya kuwaonyesha kaskazi, kusi, masika na vuli, na hesabu inayoteleza siku 15 tu katika miaka 60 iliwatosha.

Juu ya hesabu hiyo ndipo zimejengwa ada ambazo mgeni huziona vipande vipande. Mapigano huja na sheria zake. Silaha ni mgomba, kitu laini chenye maji, kinachovunjika kabla ya mfupa; wanaopigana ni watu wa pande za mji huohuo, na kinachotafutwa ni kuyamaliza manung'uniko ya mwaka hadharani ili yasivuke kuingia mwaka mpya. Kibanda huwashwa chini ya usimamizi wa wenye mila, na wazee husoma moshi unakoelekea ili kujua mwaka utakavyokuwa. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, huimba wakizunguka, na katika nyimbo hizo husema waziwazi yale ya mapenzi na ya jirani ambayo siku nyingine hayasemeki. Kisha kila nyumba hupika, na nyumba isiyopata mgeni wa kula chakula chake huona imekosa jambo. Kwa ufupi, siku moja mji hupatana, hutabiri, husema na kulisha. Sheria gani ya bunge imewahi kuwaagiza watu hayo yote?

Wapo wanaopinga kwa hoja ya dini: Mwislamu ana Idi mbili, na moto na moshi ni mabaki ya ujahili. Hoja hii nzito haifai kudharauliwa. Lakini watu wa Makunduchi hufunga Ramadhani na kusali Idi kama Waislamu wengine, na Mwaka hawaujengei ibada mpya. Wanaona ni mila ya mji. Anayekerwa na kuutazama moshi anaweza kuuacha moshi, bila kuutupa upatanisho na ukarimu vinavyokwenda pamoja nao.

Hatari kubwa inatoka kwingine, kwa wanaodai kuupenda. Jukwaa, vipaza sauti na muziki wa usiku kucha ufukweni vinakula muda wa ada. Vijana wengi wanakumbuka ngoma ya jioni kuliko mwongo waliozaliwa, na mzee anayejua kuhesabu miongo akifa, hesabu yake huzikwa naye. Watalii waje, kwa kuwa mgeni ni sehemu ya mila yenyewe, lakini waje kula majumbani, si kupiga picha tu uwanjani. Na shule za Unguja ziwafundishe watoto hesabu ya miongo sasa, wangali wapo wa kuifundisha. Bila hesabu, Makunduchi itabaki na moto na mgomba, na wale waliosema ni siku ya kupigana watakuwa wamesema kweli.