Kukabidhi uweka hazina kwa simu: pesa ndiyo, PIN hapana

Machi 2020 vyuo nchini vilipofungwa kwa sababu ya Korona, wanafunzi walirudi makwao, na kazi nyingi za vyama vyao zikahamia kwenye simu. Hata leo hutokea: mweka hazina amemaliza chuo, amehamia Mombasa na michango ya wenzake bado iko kwenye laini yake. Mrithi wake yuko Kariokor.

Usimpe PIN wala laini. Imesajiliwa kwa kitambulisho chako; pesa zikipotea, utaulizwa wewe.

Omba stetimenti, linganisha na daftari la michango, kisha weka hesabu kwenye grupu. Tuma shilingi 10 kwanza, hakikisha jina la mpokeaji, halafu tuma salio. Mwisho, tangazieni wanachama namba mpya.