Tofauti Imo Mkiani mwa Neno

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika jopo la kuteua wanafunzi wa kupewa msaada wa karo. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemwandikia mwanafunzi wake barua ya kumsifu. Mwenendo wa kijana huyo, alisema, ulikuwa "unexceptional". Mjumbe mmoja akauliza: ikiwa hata mwalimu wake haoni la kusifu, sisi tutaliona wapi?

Yamkini mwalimu alikusudia "unexceptionable". Neno la kwanza ni la kitu cha kawaida, kisichozidi vingine. La pili ni la kitu kisicho na dosari ya kupingwa. Yote mawili yametokana na "exception", ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutoa kitu miongoni mwa vingine. Lakini neno hilo lilipitia mahakamani pia. Katika sheria ya Kirumi, "exceptio" ilikuwa hoja ya mdaiwa ya kujikinga na madai. Ndiyo maana hata leo Mwingereza akisema "take exception" huwa anapinga, hatengi kitu.

Sisi walimu tunachangia kosa hili. Huwakaririsha wanafunzi orodha ya viambishi awali vya kukanusha, "un-", "in-", "dis-", kisha tukatua chaki. Hapa kiambishi awali ni kile kile, hakina lawama. Kinachotofautiana ni kiambishi tamati. Ajabu ni kwamba Kiswahili kingetufaa sana, laiti kingeruhusiwa katika kipindi cha Kiingereza (zipo shule ambako hakiruhusiwi kupita hata langoni!). "Asiyefahamu" na "asiyefahamika" wote wana "-si-" ya kukanusha. Kinachowatenga ni "-ik-" ya kauli ya kutendeka, wala hakuna mtoto wa darasa la sita atakayewachanganya. Basi na aelezwe kuwa "-able" na "-ible" aghalabu hufanya kazi iliyo karibu na hiyo. "Unintelligent" ni asiye na akili. "Unintelligible" ni kisichofahamika. Mwalimu anayesahihisha insha kwa wino mwekundu naye aangalie sana ni lipi kati ya hayo aliloliandika pambizoni.

Kuhusu kijana yule, niliwaeleza wenzangu kuwa huenda kalamu ya mwalimu ilikuwa imeteleza. Nikajibiwa kuwa jopo husoma lililoandikwa. Fedha zikaenda kwa mwingine.