Gunia Lilijaa, Karanga Zikakosekana

Askari wa jeshi na wa polisi mlioko makambini na mipakani, leo tunaitazama nchi jirani ya Malawi, na jambo lililotukia huko mwaka 1990, wakati nchi hiyo ilipokuwa imewapa hifadhi wakimbizi zaidi ya laki nane kutoka Msumbiji.

Wakimbizi hao hawakuwa na njaa kwa maana iliyozoeleka. Mahindi yalifika na kugawiwa. Kilichokoma kufika kwa miezi kadhaa ni karanga, na kwa mtazamaji wa mbali hilo lilikuwa jambo dogo, kwani nani amepata kusikia kwamba mtu amekufa kwa kukosa karanga?

Haukupita muda watu wakaanza kutokwa na mabaka shingoni, mikononi na miguuni, kila mahali palipopigwa na jua. Ngozi iligeuka nyeusi, ikakauka na kubambuka kana kwamba imeungua. Hiyo ndiyo pelagra. Ngozi ni mwanzo tu; hufuata kuhara, kisha kuchanganyikiwa akili, na mgonjwa asiyetibiwa hufa. Waliohesabiwa mwaka huo walizidi 17,000, na wanawake walipatwa zaidi kuliko wanaume.

Chanzo chake ni upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungamana na punje hata tumbo lisiweze kuitoa. Mwili waweza pia kujitengenezea niasini kutokana na protini, ila aina ya protini ifaayo kwa kazi hiyo ni haba katika mahindi. Karanga zina vyote viwili. Wenyeji wa Mexico, ambako ndiko asili ya mahindi, tangu kale huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua niasini hiyo. Mbegu ilivuka bahari ikatufikia. Ujuzi wa chokaa haukupanda merikebu. Nasi tumezidisha kwa kupenda sembe nyeupe, ambayo hukobolewa na kupoteza niasini nyingi iliyobaki katika dona.

Pasiwe na askari atakayesema kwamba hizi ni habari za wakimbizi. Mkimbizi na askari wa lindo la mbali wanafanana kwa jambo moja: wote hula kile ambacho mtu mwingine amewaamulia na kuwapakilia garini. Mwaka 1883 meli ya kivita ya Japani, Ryujo, ilikuwa na watu 376 waliolishwa zaidi wali mweupe; 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Daktari wa jeshi hilo, Takaki Kanehiro, aliituma meli nyingine, Tsukuba, kwa njia ile ile, ikiwa na nyama na shayiri katika posho, na hakuna aliyekufa kwa beriberi.

Kwa afisa wa ugavi, basi, mfuko wa dagaa, kunde au karanga si kitoweo cha kupunguzwa kwanza gari linapojaa. Na hapana kanuni ya jeshi inayokataza mchicha nyuma ya bwalo.

Huko Malawi vidonge vya vitamini viligawiwa, karanga zikarudi, na ugonjwa ukapungua. Wakimbizi wengi walirejea kwao baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi mjini Roma, Oktoba 1992.