Ukienda kuvua Ziwa Albert, beba rula

KILA shule zinapofungwa, walimu wenzangu hapa Kampala huniuliza swali moja: “Mwalimu, safari hii tukavue wapi?” Wamechoka na Ggaba, ambako mtu hushinda na ndoano tangu asubuhi, kisha jioni hununua ngege mwaloni ili asirudi nyumbani mikono mitupu.

Jibu langu halibadiliki. Elekea kaskazini, Ziwa Albert. Lakini pamoja na mshipi, ndoano na chambo, tia rula ya shule mfukoni. Sababu nitaieleza.

Ziwa lenye majina mengi

Ziwa hili nililifahamu kwanza kutoka ng’ambo. Mwaka 1980, mapigano yalipozuka West Nile, mama alinivusha mpaka hadi Zaire nikiwa mtoto wa mgongoni. Nilisoma Mahagi, na ramani tuliyochora darasani ilikuwa na Ziwa Mobutu Sese Seko, jina ambalo Zaire ililitumia tangu 1973 hadi Mobutu alipong’olewa 1997. Tuliporudi Uganda mwaka 1994, niliandika jina hilo katika jaribio la jiografia. Darasa zima lilicheka. Wanyoro nao huliita Mwitanzige, yaani muua nzige.

Samaki wake mkubwa pia ana majina mengi. Kampala ni mputa, Kisumu ni mbuta, Mwanza ni sangara, na upande wa Congo ni kapiteni. Wengi hudhani asili yake ni Ziwa Victoria. Sivyo. Kwenye maporomoko ya Murchison, Nile hupenya mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, na ukuta huo ulimzuia sangara kupanda juu. Kyoga na Victoria alipelekwa na binadamu kuanzia miaka ya 1950. Kwao hasa ni huku chini.

Mahali pa kutupa ndoano

Kwa mwenye nafasi, pa kwanza ni Paraa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, karibu kilomita 300 kutoka Kampala. Uvuvi wa hapa ni wa burudani: unavua, unapima, unapiga picha, unamrudisha samaki majini. Sangara wa zaidi ya kilo 100 wamewahi kupatikana. Lazima uwe na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori (UWA), na usisogee ukingoni bila askari wa hifadhi, kwa maana mamba na kiboko hawajui kuwa uko likizo. Miezi mizuri ni ya kiangazi, Januari hadi Machi.

Pa pili ni Butiaba, bandari ya zamani ambayo ilizidiwa maji ziwa lilipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pa tatu ni Wanseko, kule Nile inakoingia ziwani. Siku hizi kuna lami kutoka Hoima hadi huko, kilomita 111, iliyojengwa kwa ajili ya mafuta lakini yenye faida kwa mvuvi pia.

Ng’ambo ya Wanseko, upande wa magharibi, iko Panyimur, karibu na pale Nile inapotoka tena ziwani kuelekea Pakwach. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Wenyeji ni Waalur, ndugu wa wale wa Mahagi, na hakuna anayenicheka nikikosea jina la ziwa.

Karo iliyotoka kwenye kokoro

Likizo iliyopita nilikwenda Panyimur na mwanangu wa miaka 13. Tulijitambulisha kwa viongozi wa mwalo, tukakodi mtumbwi na mvuvi wa kutuongoza. Kabla ya saa nne asubuhi kijana alikuwa amenasa sangara wake wa kwanza.

Tulipofika ufukoni nilitoa rula. Sentimita 38. Kanuni zinataka sangara asipungue sentimita 50, na ngege asipungue 28, yaani karibu urefu wa rula nzima. Sangara wa 38 ni mtoto, hajazaa hata mara moja. Alikuwa bado anahema kwenye beseni la maji, basi nikamwambia kijana amrudishe.

Mama mmoja mchuuzi alikuwa amesimama karibu, fedha mkononi. “Niuzie mimi,” alisema. Nilipomweleza habari ya kipimo, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. “Mwalimu, wewe umeshiba. Watoto wangu leo watakula rula?”

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu mama yule alikuwa akizungumza kama baba yangu.

Baba alivua angara na ngassa huko Mahagi-Port. Angara wa kukaushwa kwa chumvi ndiye aliyetulisha ukimbizini. Walipoanza kuadimika, baba alijiunga na wenye kokoro, wavu wa kukokota ufukoni unaozoa kila kitu, hadi vifaranga katika mazalia ya ngege. Sisi watoto tulivianika mchangani. Kwa fedha hizo nililipiwa karo. Kusoma kwangu kumetokana na samaki ambao hawakupata nafasi ya kuzaa.

Matokeo yake yanaonekana leo. Sehemu kubwa ya mavuno ya Ziwa Albert sasa ni muziri na ragoge, samaki wadogo kama kidole. Angara mkubwa nimemtafuta Panyimur siku tatu bila kumwona. Kuanzia 2017 jeshi liliingizwa katika doria za maziwa, mitumbwi na nyavu haramu zikachomwa moto, na wavuvi wengi walilalamika kwamba wamenyang’anywa riziki. Mama yule ana haki ya kukasirika.

Ndiyo maana nasema rula ianze na sisi wageni. Mtu aliyetoka Kampala kwa gari, ambaye asipopata samaki atakula wali hotelini, hana kisingizio. Hatuwezi kumwambia mwenye njaa arudishe samaki ilhali sisi tunajaza barafu samaki wachanga ili tukajivune nao ofisini.

Kijana alishusha beseni majini taratibu. Sangara alitulia kidogo, kisha akapiga mkia akapotea. Nilinunua kwa mama yule mafungu matatu ya muziri, bila kuomba apunguze bei. Tulipanda gari kimya.

Baada ya Pakwach kijana aliuliza, “Baba, yule samaki atafika 50 lini?” Nikamjibu kwamba sijui, labda mtu mwingine atamvua kabla. Alifikiri kidogo, kisha akasema mwakani turudi tukapime tena.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Rula sasa anaibeba yeye.